Kasha la Mavyaa Hulifungui Wewe

Mke mmoja wa Kibokoni, Mombasa, ameniandikia kwamba alilipiga picha daftari la ukoo wa mumewe, lenye ndoa, talaka na watoto wa vizazi vitano, akaliweka lote Facebook pamoja na barua za babu mkwe na hati ya nyumba. Mumewe amehamia kwa mamake, na mavyaa haitikii salamu. Anauliza: “Kosa langu lipi, nami nilitaka kuwaunganisha ndugu?”

Mwanangu, pole kwa kulala peke yako. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Katikati umepitisha upesi kwamba wiki ile ile wifi yako alikwambia huna asili. Na katika kurasa zote za daftari, uliyotangulia kuiweka ni ile yenye talaka yake na jina la mwanawe. Hukuwa ukiunganisha ndugu, bibi. Ulikuwa ukilipiza.

Wasema hakuna sheria ya kukataza historia. Ya waliokufa, sawa. Lakini walio hai wana Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, kinachomlinda mtu asianikiwe mambo ya familia yake pasipo haja. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeyataja wazi kuwa taarifa nyeti: majina ya wazazi, ya mume au mke, ya watoto, hali ya ndoa, mali ya mtu. Daftari lile lina nini kingine? Mtoto ndiyo kabisa, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi wake. Wifi yako akitaka, anaweza kukushtaki kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wala usiniambie ni mambo ya nyumbani. Ya nyumbani ni yaliyolala kashani. Ukurasa ulio wazi husomwa hadi Muscat.

Barua nazo, karatasi mnazo nyinyi, lakini haki ya maneno ni ya warithi wa babu kwa miaka 50. Amefariki 1988, basi hesabu hadi mwisho wa 2038. Na hati ya nyumba ya Mji wa Kale ambayo warithi hawajagawana! Mirathi hiyo ikifika kwa Kadhi, watakuja watu na picha yako mkononi.

Ndoa za siku hizi, bibi arusi huingia ukweni simu ikitangulia. Mimi nilikaa miaka saba kabla mavyaa wangu hajanifungulia kasha lake, na siku hiyo alianza kwa kufunga mlango. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hatoki nayo barazani.

Mumeo hakukutukana, hakukupiga, hakukuacha. Ameondoka asije akatamka neno lisilorudi. Mimi niko upande wake, na upande wa mamake.

Futa usiku huu, pamoja na ulizotuma kwenye makundi ya WhatsApp. Kesho nenda kwa wifi yako kwanza, kabla ya mumeo. Usibebe halua wala leso mpya. Beba simu, umwonyeshe kwamba hakuna kilichobaki, umwombe radhi kwa jina la mwanawe. Halafu daftari ulirudishe mkononi mwa mavyaa, ukae chini umsubiri aseme.