Bakshishi za melini: lipa kabla hujapanda, na bado beba noti ndogo

Likizo zikikaribia, simu yangu hujaa picha za bili. Mtu amepata bei nzuri ya meli ya kitalii inayoondokea bandari ya Galveston, Texas, ameshawaambia wadogo zake na mama mkwe, halafu anafika kwenye malipo anakuta mstari mmoja umeongeza mamia ya dola: bakshishi ya wafanyakazi. Swali huwa lilelile. Je, ni lazima? Nikiikataa watanifanya nini?

Hawatakufanya kitu. Lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikipanga safari hizi, kwa familia yangu na kwa kina mama wenzangu hapa Houston, msimamo wangu haujabadilika. Ilipe yote, ilipe mapema, na uihesabu kuwa sehemu ya nauli tangu siku unapoanza kulinganisha bei. Ile pesa si zawadi. Ni mshahara wa watu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoumiza. Kampuni kubwa za Marekani hutoza kwa kila kichwa, kwa kila siku. Carnival ilipandisha kiwango chake Aprili 2023 kutoka dola 14.50 hadi 16 kwa vyumba vya kawaida, na hadi 18 kwa vyumba vya hadhi ya juu. Royal Caribbean iko juu zaidi. Mwaka 2025 ilikuwa ikitoza 18.50 kwa chumba cha kawaida na 21 kwa vile vikubwa. Familia ya watu wanne, siku saba, kwa hiyo 18.50, inafika dola 518. Na usidhani watoto wanasamehewa: Carnival huwaacha walio chini ya miaka miwili, lakini Royal Caribbean hata mtoto wa mgongoni analipiwa sawa na babake. Kwa hiyo tangazo likisema safari ya siku saba ni dola 600 kwa mtu, wewe soma 730, kisha ndipo uongeze kodi na ada za bandari.

Kwa nini ulipe kabla, wakati unaweza kusubiri wakukate ukiwa melini? Kwanza, bei. Kampuni zikitangaza kupandisha, aliyekwisha kulipa hubaki na kiwango cha zamani. Carnival ilipotangaza ongezeko lile la 2023, waliowahi kulipa kabla ya tarehe 1 Aprili walilipa 14.50 hata kama safari yao ilikuwa baadaye. Kwa familia ya wanne na siku saba, hizo ni dola 42 zilizobaki mfukoni kwa kubonyeza kitufe mapema.

Pili, kadi ya benki. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wetu hatupendi mikopo, tunatumia kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti. Usipolipa kabla, bakshishi inaingia kila siku kwenye akaunti ya chumba pamoja na kila soda na kila picha uliyonunua, na meli inaiomba benki yako ishikilie kiasi hicho. Pesa iliyoshikiliwa huwezi kuitumia, na wakati mwingine huchukua siku kadhaa baada ya kufika nyumbani kabla ya benki kuiachia. Nimeona mama mwenye pesa zake kabisa anashindwa kujaza mafuta njiani akirudi kutoka bandarini, kadi inakataa. Ukiwa umelipa mapema, tena kidogo kidogo pamoja na nauli kabla ya tarehe ya mwisho, kinachoshikiliwa huwa kidogo zaidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo watu wetu huteleza. Wengi huniambia: "Mimi nitaiondoa ile inayokatwa na kompyuta, halafu nitawapa wenyewe mkononi." Nia ni njema. Kwetu mtu anayekuhudumia vizuri unamshika mkono, unajua pesa imefika. Lakini melini utaratibu huo unawaumiza haohao unaotaka kuwasaidia.

Bakshishi ya kila siku inagawanywa kwa watu wengi. Humo wamo mhudumu wa chumba na wahudumu wa mezani unaowaona, na wamo pia watu wa jikoni, wanaoosha vyombo na wanaofua mashuka, ambao hutawaona tangu unapanda hadi unashuka. Ukiiondoa na kumpa dola 40 kijana wa mezani, aliyefua taulo zako hapati kitu. Na katika baadhi ya kampuni, mgeni akiondoa bakshishi, hata zile taslimu alizotoa mkononi mfanyakazi anatakiwa kuzipeleka zikagawanywe.

Safari moja kuelekea kisiwa cha Cozumel, Meksiko, tulikuwa mezani tunabishana kwa Kiswahili nani ameagiza samaki wa nani. Kijana aliyekuwa akijaza maji akasimama ghafla. Kwenye beji yake, chini ya jina, paliandikwa Kenya. "Shikamoo mama," akasema, "mimi ni wa Likoni." Siku zilizofuata akawa akipata dakika mbili tatu anazungumza nasi huku akipanga vijiko, macho yako kwa supavaiza. Alikuwa anaamka kabla ya kifungua kinywa, anahudumia chakula cha mchana kwenye bufee, anapumzika kidogo, anarudi mezani jioni hadi usiku. Mkataba wa miezi minane. Hakuna Jumapili. Nilimuuliza kuhusu wanaoondoa bakshishi. Akanijibu, "Hatuambiwi ni nani, mama. Tunaona tu mwezi huu imeshuka. Unamkatia mtu nyama ya mtoto wake wiki nzima, anakukumbatia siku ya kuondoka, kumbe ameshaitoa tangu siku ya pili."

Saa zake hazikuwa za kuvunja sheria. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unaruhusu baharia kufanya kazi hadi saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Na meli nyingi hizi, hata zikiondokea Texas au Florida, zimesajiliwa Bahamas au Panama, hivyo kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakiwahusu hawa vijana. Nasema wazi: naona si haki. Kampuni ingepaswa kuweka mishahara ndani ya nauli na kuacha kumtwisha mgeni uamuzi wa nani ale na nani asile. Lakini ukiondoa bakshishi kwa kupinga utaratibu huo, mwenye meli hasikii chochote. Anayesikia ni yule wa Likoni.

Kama huduma ni mbaya kweli, nenda mapokezi mapema, siku ileile, ueleze shida. Choo kimeziba, chumba hakijasafishwa, mhudumu amekujibu vibaya: hayo hurekebishwa haraka ukiyasema siku ya pili, si asubuhi ya kushuka. Kupunguza bakshishi kwa sababu injini ilichelewesha meli au kwa sababu mvua ilinyesha kisiwani Roatán, Honduras, hapana.

Upande wa pili wa ushauri wangu ni kutolipa mara mbili. Vinywaji vya baa kwenye Royal Caribbean huongezewa asilimia 18 palepale. Kinywaji cha dola 13 kinakuwa 15.34 kabla hujaonja, na hii inahusu pia juisi na kahawa za kununua, si pombe tu. Kifurushi cha vinywaji nacho kinaongezewa asilimia hiyo siku unayokinunua. Kisha unaletewa risiti ya kutia saini, na juu ya sahihi kuna nafasi tupu ya kuandika bakshishi ya ziada. Wengi hujaza wakidhani hawajalipa. Soma mstari wa juu yake kwanza. Spa, yaani sehemu ya masaji na urembo, ni hivyohivyo: mara nyingi asilimia imeshaingia kwenye bei uliyotajiwa.

Baada ya hapo ndipo noti ndogo zinapokuja, na hizi ndizo za shukrani yako mwenyewe. Toka nyumbani na noti za dola moja na tano. Usitegemee mashine ya kutolea pesa melini, inakata ada, na mapokezi usiku wa mwisho huishiwa chenji. Wachukuzi wanaopokea masanduku bandarini si wafanyakazi wa meli na hawamo kwenye mgao wowote. Dola mbili kwa kila begi ni heshima. Aliyekuletea chakula chumbani usiku, dola mbili tatu. Dereva na mwongozaji wa matembezi ya nchi kavu wanakutegemea wewe, tena uwape taslimu. Walezi wa chumba cha watoto husahaulika sana, na mara nyingi hawamo kwenye mgao. Mtoto wako akiwa ameshinda nao siku tano, wape kitu. Mhudumu wa chumba aliyejua kwamba mama mkwe anahitaji mto wa ziada bila kuambiwa mara ya pili, mtilie noti ya 20 kwenye bahasha. Nahodha na maofisa wake, wao usiwape pesa kabisa. Washukuru kwa mdomo.

Walioko Uingereza wasichukue haya yote kama yalivyo. P&O Cruises iliacha kutoza bakshishi ya kila siku mwaka 2019, na Marella huiweka ndani ya nauli. Ukipanda hizo, noti zako za ziada zinatosha. Na popote ulipo, wakala akikuahidi bakshishi ya bure, hakikisha imeandikwa kwenye karatasi ya malipo kuwa imelipwa, na kwa abiria wangapi. Ofa nyingi huishia kwa wawili wa kwanza chumbani, na watoto wako wawili unakuja kukatwa melini.

Jambo moja halina gharama na lina uzito mkubwa kwao: dodoso. Baada ya safari utatumiwa maswali kwa barua pepe, na wafanyakazi wanaotajwa kwa majina hukumbukwa wakati wa kupandishwa vyeo. Lakini linakuja ukiwa umeshafika nyumbani, na majina yameshakutoka. Kwa hiyo piga picha beji zao, kwa ruhusa yao, au andika kwenye simu jina kama lilivyo, kazi yake, na namba ya meza au ya chumba. Mimi huandika usiku wa kwanza.