Mwanangu hakupangiwa mkopo wa chuo: rufaa ya mtandaoni huandikwaje?

Swali. Ndugu Mshauri, mimi ni mama mjane, mkulima wa alizeti na uwele katika Wilaya ya Chamwino. Kijana wangu amechaguliwa kusoma shahada ya kwanza katika chuo kikuu hapa hapa Dodoma, naye aliomba mkopo wa serikali. Majina yametoka awamu baada ya awamu na lake halimo. Akifungua akaunti yake anakuta tu kwamba hajapangiwa mkopo. Baba yake alifariki kijana akiwa darasa la tano, lakini wakati wa kuomba hatukuwa na cheti cha kifo, na kijana wa steshenari akamshauri ajaze kuwa wazazi wote wapo ili fomu ipite. Sasa tunaambiwa tukate rufaa mtandaoni. Je, rufaa hizo husikilizwa kweli? Na tuandike nini? *Mama Mjane, Chamwino.*

Jibu. Mama, pole kwa mzigo huo, hasa kwa kuwa umekukuta Novemba, wakati fedha ya alizeti iliyouzwa baada ya mavuno imekwisha na shamba linadai mbegu za msimu mpya. Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu watu wengi huacha kukata rufaa wakidhani wanaomba fadhila. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ni chombo cha umma, na dirisha la rufaa inalolifungua baada ya kutangaza majina ni njia ya kuwatimizia wananchi haki hiyo. Kwa hiyo mwanao aingie humo kama mtu mwenye haki ya kusikilizwa, na aandike hivyo.

Lakini ni lazima niwe mkweli kwako kuhusu jambo moja zito. Aliyeyapitia maombi ya mwanao hakumwona yatima. Aliona kijana mwenye baba na mama, asiye na kiambatisho chochote cha uhitaji, akamweka katika foleni moja na maelfu ya vijana walioonekana kama yeye. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa karatasi alizopewa, ingawa haukuwa sahihi kwa maisha yenu. Rufaa itakayosema tu kwamba hali ni ngumu nyumbani itamrudisha msomaji kwenye karatasi zile zile, naye atafikia uamuzi ule ule. Rufaa inayofaa ni ile inayobadilisha kilichomo ndani ya faili: inaleta hati ambayo haikuwepo, au inasahihisha taarifa iliyokosewa, na inaonyesha waziwazi wapi na kwa nini.

Ndiyo maana kazi yenu ya kwanza haiko mtandaoni. Iko kwenye cheti cha kifo. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji au wa kata awape barua ya kuthibitisha kifo na mahali kilipotokea, mtafute kibali cha mazishi au karatasi ya hospitali kama vilihifadhiwa, kisha mwende katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya kifo kilipotokea, ambako usajili wa vizazi na vifo hufanyika kwa niaba ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Cheti kikishapatikana, kazi haijaisha, kwa kuwa Bodi hutaka cheti kilichohakikiwa, na uhakiki huo huombwa RITA kwa njia ya mtandao. Mambo haya huchukua muda, na dirisha la rufaa hukaa wazi kwa siku chache tu. Msisubiri tangazo la kufunguliwa kwa dirisha ndipo mwanze safari ya kwa mtendaji. Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu familia nyingi za vijijini hukwama hapa: siku ya mwisho inafika wakiwa na risiti ya maombi ya cheti mkononi, lakini cheti chenyewe hawana.

Mkiwa kwenye cheti, tazameni majina herufi kwa herufi. Katika mkoa wetu, ambako wazee wengi walipata jina la ubatizo kanisani na jina lingine nyumbani, si ajabu baba kuwa Yohana kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, John kwenye kitambulisho cha taifa, na jina la Kigogo peke yake kwenye barua ya mtendaji. Ninyi mnajua ni mtu mmoja. Anayehakiki akiwa mbali hajui, na halazimiki kukisia. Kama kuna tofauti ya namna hiyo, mwende kwa wakili au kwa hakimu mkapate hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, nayo ipakiwe pamoja na cheti. Mkilifanya jambo hili mapema, mtakuwa mmeondoa shaka ambayo ingeweza kuiangusha rufaa nzima.

Sasa kuhusu lile kosa la kujaza kwamba baba yupo hai. Mwanao asilifiche na asimtupie lawama kijana wa steshenari, kwa kuwa aliyesaini fomu ni yeye mwenyewe na fomu hiyo ina tamko la ukweli. Aliseme kwa sentensi moja na kulisahihisha. Maelezo yake yanaweza kuwa mafupi namna hii:

"Katika maombi yangu nilijaza kwamba baba yangu yu hai. Taarifa hiyo haikuwa sahihi. Baba yangu alifariki mwaka nilipokuwa darasa la tano, na wakati wa kuomba familia haikuwa na cheti cha kifo. Cheti sasa kimepatikana, kimehakikiwa na RITA, na nimekiambatisha. Ninalelewa na mama yangu, ambaye ni mkulima mdogo asiye na ajira. Ninaomba hali yangu ya uyatima izingatiwe katika kupanga mkopo."

Linganisha na barua ambazo wasomaji wengine hunitumia niwasaidie kuzipitia, zenye kurasa mbili za sala, shukrani kwa viongozi na masimulizi ya njaa, na ambazo ndani yake tarehe ya kifo haimo. Siwalaumu, kwa sababu mtu mwenye uchungu huandika uchungu wake. Lakini anayesoma rufaa anatafuta kitu cha kuhakiki, na kila sentensi katika maelezo yale mafupi ina hati nyuma yake au inaweza kuthibitishwa. Kama kaya yenu inanufaika na mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na mkawa mliacha kulitaja hilo kwenye maombi, liongezeni na namba ya kaya iandikwe kama ilivyo kwenye kumbukumbu za mpango. Kama kuna ulemavu, wa mwanao au wako, kuna fomu maalumu ambayo huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kisichokuwepo msikitafute.

Rufaa yenyewe hujazwa ndani ya akaunti ile ile aliyoombea mkopo, sehemu ya rufaa inapofunguliwa. Asome tangazo la mwaka huu kwa makini, kwa maana masharti ya viambatisho hubadilika, na tangazo la mwaka jana linalozunguka kwenye makundi ya simu halina nguvu. Akimaliza, ahifadhi nakala ya ukurasa unaoonyesha kwamba rufaa imepokelewa, kisha aende kwa Afisa Mikopo wa chuo chake akamwonyeshe. Afisa huyo hana mamlaka ya kutoa mkopo, ila ndiye mtu wa karibu anayeweza kuona kama kiambatisho kimeingia vibaya kabla siku hazijaisha.

Ikitokea rufaa imekataliwa na mnaamini kwamba hati haikusomwa, au mkakaa bila jibu lolote, bado kuna pa kwenda. Mfumo wa serikali wa e-Mrejesho hupokea malalamiko na maulizo kuhusu taasisi za umma, na hata mwenye simu ya kitochi anaweza kuufikia kwa kupiga *152*00#. Pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye makao makuu hapa Dodoma, hushughulikia malalamiko ya ukiukwaji wa misingi ya utawala bora. Tume haitampangia mwanao mkopo, lakini inaweza kuihoji taasisi kuhusu namna ilivyofikia uamuzi wake. Na mwakani anaweza kuomba tena kama masharti yatamruhusu, safari hii faili lake likiwa kamili tangu mwanzo.

Swali. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, natokea Mpwapwa. Nimepata fedha ya chakula na malazi, lakini ada nimepewa kidogo sana. Rafiki yangu niliyesoma naye kidato cha sita, ambaye nyumbani kwao wana duka, amepata ada karibu yote. Je, naweza kukata rufaa kwa kumtaja yeye kama ushahidi kwamba nimeonewa? Kuna mtu pia anasema ana ndugu huko ndani na nikimpa kiasi cha fedha atanisaidia. *Mwanafunzi, Dodoma Mjini.*

Jibu. Kijana wetu, rufaa unaweza kukata, ila si kwa kumtaja rafiki yako. Hujui alichoambatisha. Inawezekana duka lile ni la mjomba anayemlea baada ya wazazi kufariki, na inawezekana kozi yake ina kipaumbele ambacho yako haina. Hata kama kweli alipendelewa, kumpunguzia yeye hakukuongezei wewe chochote. Andika kuhusu pengo lako wewe: ada ya kozi yako kwa mwaka ni kiasi gani, umepangiwa kiasi gani, kilichobaki ni kiasi gani, na kwa nini walezi wako hawawezi kukifikia. Kama kuna hali iliyobadilika tangu ulipoomba, kwa mfano mzazi amefariki, amepata ulemavu au ameachishwa kazi, hiyo ndiyo nguzo ya rufaa yako, nayo iwe na hati.

Pima pia unachokiomba. Huu ni mkopo, na ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikiwaumiza sana waliokopa zamani, ilifutwa mwaka 2021, lakini deni la msingi linabaki deni. Sikukatishi tamaa, kwa mtoto wa mkulima, ada iliyopungua inaweza kuwa sababu ya kuacha chuo, na deni la kulipa baadaye ni nafuu kuliko hilo. Nataka tu uombe kiasi cha pengo lako halisi.

Kuhusu huyo mwenye ndugu ndani, huyo ni kishoka. Usimpe fedha, usimpe nywila, na usimtumie picha ya kitambulisho chako. Jina likitoka atasema ni kazi yake, lisipotoka hutampata kwenye simu. Kutoa fedha ili upendelewe ni rushwa, na mtoaji naye anahesabiwa kuwa amekosa, kwa hiyo mtoe taarifa TAKUKURU kwa namba ya bure 113.

Swali. Nina mjukuu niliyemlea tangu mdogo, tupo Kondoa. Maombi yake yalijazwa na mtu wa steshenari karibu na stendi, ambaye aliweka namba yake mwenyewe ya simu na nywila yake. Sasa mtu huyo amehama na mjukuu hawezi kuingia kwenye akaunti ili akate rufaa. Tufanyeje? *Babu, Kondoa.*

Jibu. Shikamoo babu. Mjukuu ajaribu kwanza kurejesha nywila kwa barua pepe, iwapo anuani iliyojazwa ni yake. Ikishindikana, aende leo kwa Afisa Mikopo wa chuo chake akiwa na cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani wa kidato cha nne na kitambulisho au namba ya NIDA, aeleze tatizo kwa maandishi na kuomba mawasiliano yaliyomo kwenye akaunti yabadilishwe yawe yake. Barua hiyo iwe na tarehe na igongwe muhuri wa kupokelewa, ili dirisha likifungwa kabla akaunti haijarudi awe na uthibitisho kwamba alilileta suala mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake na kutaka zirekebishwe, kwa hiyo anachokiomba kina msingi wa kisheria.

Akishaingia, abadilishe nywila hapo hapo na asimwachie mtu mwingine aitunze. Hata akihitaji msaada wa kuskani tena, akae pembeni ya anayechapa, afungue kila faili baada ya kupakiwa aone kama maandishi yanasomeka na kama kurasa zote zimo, hasa zile zenye saini na muhuri wa serikali ya kijiji, kisha abonyeze mwenyewe kitufe cha kutuma.