Maswali na Majibu: Je, damu ya bibi mmoja inatosha kumtambua mjukuu aliyepotezwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Kikundi chetu cha sanaa hapa Morogoro kinaandaa tamthilia ya kisiasa kuhusu watu waliopotezwa nchini Argentina wakati wa utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983. Katika onyesho la mwisho, bibi ambaye mwanawe na mkwewe walichukuliwa na askari anakutana na kijana wa miaka ishirini na kitu aliyelelewa na familia ya mwanajeshi. Wanatolewa damu. Nusu saa baadaye daktari anatangaza kwamba kijana ni mjukuu wake kwa asilimia mia. Kisha anawaonyesha fuvu la mama wa kijana, lililotambuliwa kwa kulinganishwa na picha yake ya harusi. Je, kitaalamu imekaa sawa? Mwenzetu mmoja anasema DNA haishindwi na kitu.

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo mwenzenu, kwa sababu kauli yake naisikia kila mara na imeumiza watu wengi kuliko anavyodhani. Wapo wanaofika maabara wakiwa na hakika kwamba mashine inasoma jina la mtu ndani ya mfupa. Ndani ya mfupa hamna jina. Kinachotoka ni orodha ya namba, nayo haisemi lolote mpaka iwekwe kando ya orodha ya mtu mwingine ambaye tunajua kwa uhakika ni nani na ana undugu gani na tunayemtafuta. Swali la kwanza katika kazi hii ni unalinganisha na nani. Mashine inakuja baadaye.

Ndiyo maana tamthilia yenu imenifanya niulize: bibi huyu ni mzaa baba au mzaa mama? "Mwanawe na mkwewe" hainiambii kitu, na jibu lote liko hapo.

Akiwa mzaa mama, kuna DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wake wote na binti zake huendelea kuipitisha. Kijana atakuwa nayo ileile ya bibi yake. Lakini watakuwa nayo pia mjomba, mama mdogo, na watoto wa mama mdogo, na huenda hata mtu wa mtaa wa pili ambaye ukoo wake wa kikeni uliachana na huo zamani sana. Kwa hiyo ikitofautiana inakata mzizi wa fitina: huyu si wenu. Ikifanana, mnaendelea kutafuta.

Akiwa mzaa baba na mjukuu ni msichana, tuna kromosomu X, mojawapo ya nyuzi mbili za DNA zinazohusika na jinsia; nyingine ni Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume. Baba anayo moja tu, aliyoipata kwa mama yake, na humpa binti yake yote. Ni ushahidi mzuri sana. Ila ninyi mmeweka kijana wa kiume. Mjukuu wa kiume na bibi mzaa baba ndio jozi ngumu kuliko zote: Y ya kijana imetoka kwa babu, X imetoka kwa mama, mitokondria imetoka kwa mama. Zinabaki zile alama ishirini na kitu zinazopimwa katika maabara nyingi, na katika kila moja kuna nusu ya uwezekano kwamba kijana hakupata chochote cha bibi huyo. Matokeo ya namna hiyo mara nyingi huishia kwenye "haiwezekani kuamua". Njia za kisasa zinazosoma mamia ya maelfu ya vipande vya DNA zinaweza kulitegua fumbo hilo, lakini kijana wenu ana miaka ishirini na kitu, maana yake mko mwishoni mwa miaka ya 1990 au katika miaka ya 2000. Hazikuwapo kwa matumizi hayo.

Mleteni na baba mdogo wa kijana, aliye hai, apimwe pamoja na bibi, na kromosomu Y imepatikana. Au walete bibi na babu wa pande zote mbili. Wote wanne wakiwapo, hesabu inakuwa na nguvu karibu sawa na kuwapima wazazi wenyewe.

Na hesabu hiyo ina historia ambayo ningependa kuiona jukwaani. Mabibi wa Plaza de Mayo, waliopewa jina la uwanja ulio mbele ya ikulu ya Buenos Aires, walianza kukusanyika mwaka 1977, majenerali wakiwa bado madarakani, wakitafuta watoto waliozaliwa katika vituo vya siri vya jeshi vya kufungia watu, kama ESMA na Campo de Mayo. Mama zao waliachwa hai mpaka wajifungue, kisha wakauawa. Mabibi hao wanakadiria watoto wapatao 500 walichukuliwa. Walizunguka Ulaya na Marekani wakiwauliza wanasayansi swali moja: wazazi wakiwa hawapo, damu yetu inaweza kuwathibitisha wajukuu? Wakati ule hakuna maabara iliyokuwa na jibu tayari. Mtaalamu wa jenetiki Mary-Claire King na wenzake wakaunda hesabu ya ubibi na ubabu, na mwaka 1984 msichana wa miaka 8 akarudishwa kwa bibi yake kwa uamuzi wa mahakama uliotegemea kipimo hicho. Sayansi ile ilizaliwa kwa sababu wanawake wazee walikataa kuambiwa haiwezekani.

Mwaka 1987 Argentina ikaanzisha kwa sheria Benki ya Taifa ya Data za Jenetiki. Mabibi walikuwa wanazeeka na kufa, na kila aliyezikwa bila kutoa damu alikuwa anaondoka na ushahidi. Damu ikahifadhiwa ili mjukuu akija miaka thelathini baadaye amkute bibi yake pale, hata kama kaburini ameshaoza. Zaidi ya wajukuu 130 wamepatikana hadi sasa, na baadhi yao walijileta wenyewe wakiwa watu wazima wenye mashaka juu ya vyeti vyao vya kuzaliwa. Kwa hiyo kijana wenu asikutanishwe na bibi kwanza ndipo damu itolewe. Aende peke yake, atoe damu, asubiri wiki nyingi bila kujua kama kuna mtu anayemtafuta. Hiyo nusu saa ifuteni kabisa.

"Asilimia mia" nayo ifuteni. Mtaalamu makini hasemi hivyo. Anasema namba hizi zinaelezeka mara elfu kadhaa zaidi kama kijana ni mjukuu kuliko kama ni mtu baki, halafu anaziweka pamoja na ushahidi mwingine: tarehe aliyokamatwa mama, mimba ilikuwa ya miezi mingapi, daktari gani wa jeshi alisaini cheti. Mtu akikutajia asilimia mia bila kukuuliza habari hizo, jihadhari naye.

Sasa fuvu. Hapa sitakuwa mpole.

Kulinganisha fuvu na picha kunaweza kumwondoa mtu kwenye orodha. Kumtambua hakuwezi. Mafuvu mengi yanaweza kukaa vizuri juu ya picha moja ya harusi, hasa picha ambayo hujui ilipigwa kwa lenzi gani wala kutoka umbali gani. Ukiwa na mama anayelia mbele yako na fuvu lisilo na jina mezani, jicho litaona unachotaka lione.

Chile waliipita njia hiyo, na naomba kila mwanakikundi aijue habari ya Patio 29. Hicho ni kipande cha makaburi makuu ya Santiago ambako baada ya mapinduzi ya Septemba 1973 walizikwa watu waliouawa na jeshi, chini ya misalaba yenye herufi N.N. badala ya jina. Mwaka 1991, Pinochet, jenerali aliyeongoza mapinduzi hayo, akiwa ameshaachia urais, makaburi yakafukuliwa, na katika baadhi ya majeneza walikutwa watu wawili. Miaka iliyofuata mabaki ya watu 96 yakatambuliwa na kukabidhiwa familia, kwa kutumia urefu, umri, meno na fuvu lililolazwa juu ya picha. Familia zikazika. Zikaanza kupeleka maua. Mwaka 2006 ikatangazwa, baada ya vipimo vya DNA, kwamba utambuzi wa watu 48 ulikuwa wa makosa na wa wengine 37 una mashaka.

Fikirini mama aliyempoteza mwanawe 1973, akamzika miaka ya 1990, kisha anaambiwa afungue kaburi kwa sababu aliyelala humo ni mtoto wa mwingine. Anapotezewa mtoto mara ya pili, safari hii na watu waliokuja kumsaidia. Ndiyo maana nikiona fuvu na picha ya harusi katika mchezo wa kuigiza damu inanichemka. Watazamaji watatoka ukumbini wakiamini hivyo ndivyo inavyofanyika.

Kama mnataka mifupa ya mama jukwaani, tumieni iliyotokea kweli. Desemba 1977 wanajeshi waliwateka kina mama waanzilishi wa harakati za Plaza de Mayo, akiwemo Azucena Villaflor, pamoja na watawa wawili wa Kifaransa. Walitupwa baharini kutoka kwenye ndege. Siku chache baadaye miili ikasukumwa na maji hadi ufukweni, na mamlaka za huko zikaizika bila majina katika makaburi ya General Lavalle. Mwaka 2005 timu ya Argentina ya wanaanthropolojia wa uchunguzi, yaani wataalamu wa kusoma mifupa ya marehemu, iliwatambua Villaflor, wenzake wawili na mtawa mmoja, Léonie Duquet. Walianza na daftari za makaburi na kumbukumbu za polisi za miili iliyookotwa. Wakafuata mifupa, iliyokuwa na mivunjiko ya mtu aliyeanguka kutoka juu sana. DNA ya ndugu ikaja mwisho. Mkianza na DNA mnakuwa na mfupa na nchi nzima ya kuulinganisha nayo.

Timu hiyo yenyewe ilianzishwa 1984 kwa sababu ya njia za mkato. Demokrasia iliporudi, majaji waliamuru makaburi yafukuliwe, wakaingizwa wachimba kaburi na matingatinga. Mifupa ikavunjika, ya huyu ikachanganyika na ya yule, risasi zikapotea kwenye udongo. Mwanaanthropolojia wa Marekani Clyde Snow alipofika aliomba ufukuaji usimamishwe, akawafundisha wanafunzi wa chuo kuchimba kwa mwiko na brashi.

Niseme na wasomaji wengine pia, maana njia za mkato hazikuishia Argentina. Siku hizi wapo wanaotangaza mtandaoni kwamba ukiwatumia picha ya fuvu, programu ya simu itakutengenezea sura ya marehemu. Wapo wanaodai kuonyeshwa kaburi ndotoni, na wanataka pesa kabla ya kuelekeza. Wapo wanaouza vipimo vya mate kwa posta na kuahidi kumpata ndugu yeyote, wakati kipimo hicho hulinganisha na wateja wao tu. Na wapo viongozi wanaotaka miili igawiwe haraka kwa kuangalia nguo ili kelele zipungue. Miili ya wafuasi wa dhehebu waliozikwa msitu wa Shakahola, Kenya, ilianza kufukuliwa Aprili 2023, na familia za kwanza zilikabidhiwa ya kwao Machi 2024. Kusubiri kule kulikuwa kuchungu na sitaki kuuficha uchungu huo. Kumzika mtoto wa mwenzako ni kuchungu zaidi, kwa sababu kunazifungia familia mbili njia ya kuwapata watu wao.

Kama kwenu kuna mtu aliyepotea, msichimbe popote wenyewe hata mkiwa na hakika na mahali. Mswaki wake, chanuo lake au nguo yake isiyofuliwa iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unaharibu DNA. Andikeni sasa habari za meno yake, mfupa aliowahi kuvunjika, hospitali alikofanyiwa upasuaji. Tanzania kipimo kinapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupelekwa na polisi, mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Orodhesheni walio hai: mama, baba, watoto, baba mdogo, mjomba, mama mdogo. Mkifungua jalada, ombeni kwa maandishi kwamba wazee wachukuliwe sampuli kwanza, wakati wangali hai.