Pedali za baiskeli isiyo na frii hapa Lubumbashi: anza na kona

Ndugu yangu, umeuliza ufunge pedali gani kwenye kinga (baiskeli) yako mpya isiyo na frii, na umesema umeshapenda zile pana za plastiki kwa sababu zinapokea kiatu chochote. Nimeendesha kinga ya aina hiyo miaka sita kati ya Katuba na Kasapa. Nakuomba usizinunue kwanza.

Kwenye kinga ya kawaida ukifika konani unatuliza miguu, pedali ya ndani ikiwa juu, unapita. Yako haikupi nafasi hiyo. Maadamu gurudumu linazunguka, pedali nazo zinazunguka, na ya ndani itashuka tu wakati umelalia upande wa kona. Yangu iligusa lami asubuhi moja nikitokea upande wa Kipushi, nikiwakwepa wauza makala (mkaa) watatu waliokuwa wakisukuma kinga zenye magunia yaliyowapita kimo. Nilisikia mkwaruzo mfupi, gurudumu la nyuma likaruka pembeni, nikawa chini. Baadaye niliikagua ile pedali: ukingo wa nje ulikuwa umelika mshazari, kama uliopigwa tupa.

Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Shusha pedali moja mpaka chini kabisa, kisha ilaze kinga taratibu upande huo hadi pedali iguse ardhi. Hapo ndipo mwisho wako wa kulala. Pedali nyembamba na isiyotokeza nje sana itakuongezea nafasi. Angalia na krenki, yaani mkono unaoshika pedali, namba iko upande wa ndani: 165 badala ya 170 inainua pedali milimita 5, na konani hizo si kidogo.

La pili ni mguu kushikwa. Ukitaka kupunguza mwendo unaukandamiza mguu unaopanda na kuuvuta juu ule unaoshuka. Kiatu kisiposhikwa, nusu ya nguvu hiyo imepotea. Na mguu ukichomoka mteremkoni, pedali inaendelea kuzunguka na kukupiga muundi.

Pedali za kubana kisahani cha chini ya kiatu ni nzuri mno kwenye lami safi. Kampuni ya Look ilizitoa 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France akizitumia. Lakini sisi tunakanyaga chini kila njia panda, na mvua zikianza Novemba ule udongo mwekundu unajaa kwenye kisahani, kiatu hakinasi. Vikuku vya vidole vyenye mkanda wa ngozi vinashika vizuri, ila mguu ukiwa nje kikuku kinaning'inia chini na kukwaruza barabara. Tena vinarefusha mbele: ukikata kona kali polepole, ncha yake inaweza kugusa gurudumu la mbele, nawe huwezi kusimamisha miguu ili ipite.

Mimi nimebaki na pedali za chuma zinazokanyagika pande zote mbili, zenye matundu ya kupitishia mkanda mpana unaokatiza juu ya mguu. Mkanda urekebishe ukiwa umevaa kiatu chako cha kila siku: mguu uingie kwa kusukuma, utoke kwa kurudi nyuma bila kutumia mkono.

Ukienda kufunga, simama hapohapo kwa fundi. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume, na fundi mmoja alilazimisha ya kulia upande wa kushoto wangu mpaka nyuzi za krenki ya alumini zikatoka kama unga wa kung'aa. Krenki nyingi ni za inchi 9/16. Zile za chuma kipande kimoja kwa kawaida ni inchi 1/2, haziingiliani. Paka grisi, anza kwa vidole mizunguko mitatu minne, ndipo ushike spana ya 15.

Breki ya mbele usiitoe, hata pedali zikiwa nzuri namna gani. Niandikie namba ya krenki zako na kiatu unachovaa, nikuambie mkanda wa upana gani utakufaa.