Chenso ya Zamani: Fungua Ekzosi Kabla Hujavuta Kamba

Kila anayepata chenso (msumeno wa mnyororo) ya zamani hukimbilia kuvuta kamba ya stata asikie kama una uhai. Usivute. Kama ndani kuna kutu, mchanga au kipande cha ringi kilichovunjika, mivuto mitatu inatosha kuharibu silinda ambayo hutapata nyingine. Fungua ekzosi kwanza, kisha umulike ndani kwa tochi huku ukizungusha flaiwili (gurudumu zito la ubavuni mwa injini) taratibu kwa mkono.

Pistoni nzima huonyesha mistari myembamba iliyolala, alama za kiwandani. Mikwaruzo iliyosimama, ya kijivu na butu, ni alumini iliyoyeyuka ikapakwa ukutani. Angalia imekaa upande gani. Ikiwa upande wa ekzosi peke yake, kwa kawaida chenso ilivuta hewa nyingi mno na mafuta machache ikapata joto kupita kiasi. Ikiwa upande wa kabureta, shuku vumbi lililopita kwenye chujio. Ikiwa pande zote, kuna mtu aliitilia petroli isiyo na oili. Kwa hiyo ukibadilisha pistoni bila kutafuta chanzo, na hiyo mpya itakwenda njia ileile.

Kuitambua chenso ni ya aina gani ni kazi nyingine, maana kibao cha namba mara nyingi kimepotea na vifuniko vimehamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Usiamini rangi wala maandishi ya kifuniko, pima ujazo wa injini kwa sentimita. Kipenyo cha silinda zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa 0.7854, kisha kwa urefu wa safari ya pistoni. Chukua Stihl 070 na 090, ambazo kwa nje zinafanana sana. Safari ya pistoni ni milimita 40 kwa zote mbili, ila silinda ya 070 ina kipenyo cha milimita 58 na ya 090 milimita 66. Ya kwanza inatoa sentimita za ujazo 106, ya pili 137. Venia moja (kifaa cha kupimia vipenyo) inamaliza ubishi. Gia nayo isikudanganye. Ni kweli Stihl Contra ya 1959 iliendesha mnyororo moja kwa moja bila gia, lakini baadaye ilitoka 090 G yenye gia, kwa hiyo gia peke yake haithibitishi umri.

Mnyororo pia una ushahidi wake. Pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ya tatu, gawa kwa mbili. Ukipata milimita 9.5 hiyo ni inchi 3/8, 10.26 ni inchi 0.404. Vipimo vikubwa kama inchi 1/2 huelekeza kwenye mashine za zamani zaidi, na sproketi zake (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo) ni adimu, basi usitupe hata iliyochakaa. Ukikuta mnyororo wenye meno yaliyosimama kama ya msumeno wa mkono, utunze kama ulivyo. Ni wa mtindo uliotangulia meno yaliyopinda ambayo Joseph Cox alianza kuyatengeneza Marekani mwaka 1947.

Pistoni iliyokwama ilowekwe kwa mafuta ya kulegeza kutu, kupitia tundu la plagi na lango la ekzosi, siku kadhaa. Isigongwe kwa nyundo ya chuma.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka: sili za kranki, yaani pete za mpira zinazozuia hewa kwenye mhimili wa injini. Mpira wake hukakamaa kwa miaka, hewa ikapenya, mchanganyiko wa petroli ukawa na hewa nyingi mno, na silinda ikaungua hata kama kabureta ni mpya. Dalili ni chenso inayopanda mzunguko yenyewe bila wewe kubonyeza gesi, haitulii haraka ukiachia, na hubadili sauti ukiilaza ubavu. Wengine huzungusha skrubu za kabureta mchana kutwa na tatizo haliko huko.

Kipimo chake si kigumu. Ziba ekzosi kwa kipande cha mpira ulichokibana chini ya bomba lake, ziba na mlango wa kabureta, shusha pistoni ili malango (matundu ya ukutani mwa silinda) yawe wazi, kisha sukuma hewa ya 0.5 bar kupitia tundu la plagi. Isishuke kwa sekunde 20. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye sili na maungio ya gasketi, mapovu yatakuonyesha. Halafu geuza pampu uvute hewa kiasi hichohicho. Usiache hatua hii ya pili. Shinikizo huusukuma mdomo wa sili uubane mhimili, ila kuvuta hewa huung'oa, kwa hiyo sili mbovu inaweza kufaulu kipimo cha kwanza na kufeli cha pili. Sili mpya zitafute kwa vipimo vyake (kipenyo cha ndani, cha nje na unene) badala ya jina la chenso. Kabla ya kuivalisha, funika mfereji wa kipini kwa utepe laini na upake oili, maana ukingo wa mfereji huo hukata mdomo wa sili mara moja.

Ili ufike kwenye sili lazima utoe klachi na flaiwili. Klachi nyingi zina nyuzi za kushoto, yaani hufunguka kwa kuzungusha mwelekeo wa saa; tafuta mshale kabla hujatumia nguvu. Pistoni izuie kwa kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi, lakini kwanza ipandishe ipite lango la ekzosi, la sivyo kamba itabanwa langoni. Flaiwili itolewe kwa chombo chake cha kuvutia.

Chini ya flaiwili kuna platini, swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche. Safisha uso wake kwa msasa laini, kisha pitisha karatasi safi yenye spiriti, kwa kuwa hata alama ya kidole huzuia moto. Nafasi yake mashine nyingi ni kama milimita 0.4. Plagi iwe 0.5.

Kabureta ioshwe, viwambo vyake vyote (ngozi nyembamba zinazosukuma mafuta) vibadilishwe. Kiwambo kizuri hulegea kama kitambaa. Kikitoa mlio wa karatasi kavu, kimekufa. Kwenye kabureta aina ya Tillotson HL, mkono mdogo wa sindano ulingane na sakafu ya chumba chake. Anza na skrubu zote mbili za kurekebisha mafuta zikiwa wazi mzunguko mmoja.

Alumini iliyoganda kwenye silinda ya kromu usiiondoe kwa tindikali ya hidrokloriki, kwani inayeyusha kromu yenyewe. Tumia kostiki soda kwa kijiti cha pamba, pole pole, ukiwa na miwani na glavu. Mapovu yakikoma, alumini imekwisha. Isiguse malango wala mahali kromu ilipobanduka. Na bodi ya magnesiamu isitiwe siki wala dawa ya kutoa kutu, italiwa mbele ya macho yako. Vumbi lake nalo hushika moto, na maji huuchochea, kwa hiyo usisage karibu na cheche. Rangi ya asili hata ikiwa imechubuka iache, ikishatoka hairudi.

Maandishi ya 16 kwa 1 (petroli kwa oili) kwenye tangi yalihusu oili za wakati ule. Kwa oili nzuri ya sasa ya injini za viharusi viwili, 25 kwa 1 inafaa mashine hizi, yaani mililita 40 kwa lita moja ya petroli isiyokaa muda. Chenso nyingi za kabla ya miaka ya 1970 hazina breki ya mnyororo. Iwashe ikiwa chini, ukiwa umekanyaga mshikio, na ncha ya baa isiguse kitu chochote. Tangi la kwanza likiisha, iache ipoe kabisa, kisha rudia kukaza bolti za silinda na kabureta, kwani gasketi mpya hukaa chini kidogo baada ya joto la kwanza. Za ekzosi ndizo hulegea mapema zaidi.