Ami na binamu, nani mkweli?

SWALI: Hamjambo wahariri. Kwetu mabishano hayaishi, binamu yangu yuko Marekani miaka kumi sasa anasema hospitali bora duniani ni za huko, ami naye aliyefanya kazi Maskat anasema eti Oman iliwahi kuwekwa mbele ya Marekani kwa matibabu. Mie nacheka, lakini huyo huyo binamu alivunjika mkono mwaka juzi na bili analipa mpaka leo. Nimwamini nani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu yangu, ami hajakudanganya. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipanga mifumo ya afya ya nchi 191, Ufaransa ikawa ya 1, Italia ya 2, Oman ya 8, na Marekani... ya 37! Sisi Kenya 140, Tanzania 156, kwa hiyo hapo tusichekane.

Ila orodha ile haikutafuta nani ana mashine kubwa wala bingwa wa moyo. Iliangalia watu wanaishi miaka mingapi wakiwa na afya, mgonjwa anapokelewaje, mzigo wa malipo unamwangukia nani, halafu yote hayo yakapimwa na uwezo wa nchi yenyewe. Hapo ndo Oman ilipopatia, maana mwaka 1970 hospitali zao zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, miaka thelathini baadae huduma zimefika mpaka vijiji vya milimani na vifo vya watoto vimeshuka vibaya sana.

Binamu nae ana lake. Ukishikwa na saratani ya matiti, Marekani ni pazuri kutibiwa, ilimradi bima ipo, na mamilioni hawana. Wanatumia kama asilimia 17 ya pato la taifa kwenye afya lakini mwaka 2022 umri wa kuishi ulikuwa miaka 77 na nusu tu, Wajapani wanagonga 84. Ukipelekwa pale ukiwa mahututi hawakufukuzi, sheria ya 1986 inawabana wakutulize kwanza, bili itakufuata nyumbani kama ilivyomfuata yeye.

Hata hiyo orodha mie naichukua nusu nusu, nchi nyingi hazikuwa na takwimu kamili ikabidi makadirio, wataalamu wakaipigia kelele, na WHO haijapanga tena nchi namna ile.

Sasa ami muulize kitu kimoja, je alikuwa na pasi ya Oman au viza ya kazi? Maana matibabu ya serikali ya karibu na bure ni ya raia, mgeni anategemea bima ya tajiri wake au mfuko wake mwenyewe. Kama hapo nyumbani kuna binti anaejiandaa kwenda kule kazi za ndani, asitegemee hiyo namba 8, aangalie mkataba wake umeandika nini kuhusu matibabu kabla hajasaini.