Saini ya kidijitali kwenye PDF: wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wanauliza

Nimeskani saini yangu, na programu yangu ya Python inaibandika kwenye kila ankara ya mbao. Mteja anakataa, anasema hiyo si saini ya kidijitali. (Mafinga)

Mteja yuko sahihi. Picha hiyo mtu yeyote anaweza kuinakili, na 1,200,000 ikigeuzwa 2,200,000 picha haitashtuka. Saini ya kidijitali hufunga baiti za faili lenyewe: kanuni ya SHA-256 huzikokotoa kuwa alama ya baiti 32, na alama hiyo hufungwa kwa ufunguo wako wa siri. Ikibadilika tarakimu moja tu, hesabu inakataa. Kwa Python tumia maktaba ya pyHanko: fungua faili kwa `IncrementalPdfFileWriter`, pakia ufunguo na cheti (kinachoonyesha ufunguo ni wa nani) kwa `SimpleSigner.load_pkcs12`, kisha ita `sign_pdf`.

Kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yetu ya kahawa katibu husaini kwanza. Mwenyekiti akishasaini, saini ya katibu inaonekana imevunjika. Tunatumia PDFBox, maktaba ya Java ya kushughulikia PDF. (Mbozi)

Karibu kila mara kosa ni moja: programu imeliandika faili upya badala ya kuongezea mwishoni. Ndani ya PDF iliyosainiwa kuna mstari kama huu:

`/ByteRange [0 18420 34806 5230]`

Maana yake: anza baiti 0, chukua 18,420, ruka, anza 34,806, chukua 5,230. Pengo la katikati ndiko saini inakokaa: herufi 16,384 za heksadesimali, yaani baiti 8,192, pamoja na mabano yake mawili. Ukiita `save`, vitu vinahama na hesabu ya katibu haitimii tena. Ita `saveIncremental`, na kila msaini awe na sehemu yake ya saini.

Hakikisheni hivi. Faili la katibu hapo juu lina baiti 40,036 (34,806 jumlisha 5,230), basi linganisheni baiti hizo kwenye mafaili yote mawili:

`cmp -n 40036 katibu.pdf mwenyekiti.pdf`

Ikinyamaza, baiti alizosaini katibu hazijaguswa. Ikitaja baiti, kuna mtu au programu imeligusa faili. Ulizeni pia kama kuna aliyelipunguza ukubwa au kuliunganisha na jingine kabla ya kulituma. Hayo nayo huvunja saini.

Tumehamia seva mpya, faili la .p12 (lenye ufunguo na cheti) halifunguki ingawa nywila ni ileile. (Njombe)

Mafaili ya zamani mengi yalifungwa kwa RC2 ya biti 40, njia dhaifu ya zamani ya kuficha data, ambayo programu ya OpenSSL toleo la 3 haiikubali bila kuambiwa. Lifungeni upya:

`openssl pkcs12 -legacy -in zamani.p12 -noenc -out muda.pem`
`openssl pkcs12 -export -in muda.pem -out mpya.p12`

Kisha futeni `muda.pem` papo hapo. Ufunguo umo humo uchi.

Cheti changu kinaisha mwakani. Mikataba niliyokwisha kusaini itakuwaje? (Iringa)

Bila muhuri wa muda (uthibitisho wa saa kutoka seva ya nje), tarehe iliyomo ni ya saa ya kompyuta yako tu, na haithibitishi kwamba ulisaini cheti kikiwa hai. Ongeza muhuri wa kiwango cha RFC 3161 wakati wa kusaini (`HTTPTimeStamper` kwenye pyHanko) na uweke `embed_validation_info=True`, ili ushahidi wa uhai wa cheti ubaki ndani ya faili. Tenga nafasi kubwa zaidi kwa saini, maana muhuri nao unakaa kwenye pengo lilelile. Intaneti ikikatika, programu isimame na kutoa kosa. Isisaini bila muhuri kimyakimya.